Christian Doppler: Mwana wa mwashi aliyewafaa watoto walio tumboni

Hebu simama kando ya barabara ambulensi ikipita na king'ora. Ikikujia, sauti ni kali. Ikishakupita tu, inashuka na kuwa nzito. King'ora chenyewe hakijabadilika. Aliyetoa kanuni ya jambo hilo ni Christian Doppler, na leo madaktari wanaitumia kupima mwendo wa damu kwenye kitovu cha mtoto ambaye hajazaliwa.

Doppler alizaliwa Salzburg, Austria, Novemba 29, 1803. Kwao walikuwa waashi wa mawe, lakini yeye alikuwa dhaifu wa mwili, nyundo hangeiweza. Akapelekwa shule. Hesabu alizijua si haba, ila kazi ya kudumu ikawa ndoto. Aliomba nafasi za ualimu bila kufua dafu, akaishia kuwa karani wa hesabu katika kiwanda cha pamba. Kufikia 1835 alikuwa amechoka kabisa. Aliuza vitu vyake ahamie Marekani, na ndipo akapata kazi ya kufundisha Prague. Alibaki kidogo tu aende zake!

Huko Prague, mwaka wa 1842, alieleza kuwa mawimbi hubanana chanzo chake kikikaribia, na hutanuka kikienda mbali. Alidhani ameeleza rangi za nyota pacha. Hapo alikosea, kwani rangi ya nyota hutokana hasa na joto lake. Kanuni yenyewe, hata hivyo, ilikuwa sawa. Mwaka wa 1845 Mholanzi Buys Ballot, aliyekuwa na shaka, aliwapakia wapiga tarumbeta kwenye treni, wanamuziki wengine wakisikiliza kando ya reli. Ikakubali.

Kazi ya kutahini mamia ya wanafunzi ilimchosha, na kifua kikazidi kumla. Alifariki Venice, Machi 17, 1853, akiwa na miaka 49, akaacha mke na watoto watano.

Kitovu kilikuja baadaye sana. Mwaka wa 1977, FitzGerald na Drumm wa Dublin walichapisha njia ya kupima damu yake kwa mawimbi ya sauti tusiyoyasikia. Mawimbi hayo hugonga chembe za damu zinazokimbia, yakarudi yamebadilika, kama kile king'ora.

Ateri mbili za kitovu hupeleka damu ya mtoto kwenye kondo la nyuma, ikachukue oksijeni na chakula. Hata kati ya pigo moja la moyo na jingine, damu hiyo inafaa iendelee kusonga mbele. Kondo likiwa na hitilafu, mwendo huo hupungua, hukatika, na hali ikiwa mbaya zaidi damu hurudi nyuma.

Sasa, kuna mtoto mdogo kwa sababu wazazi wake ni wadogo wa umbo, na kuna mdogo kwa sababu ananyimwa chakula. Ukipima tumbo kwa utepe, wote wawili ni sawa. Kipimo hiki humsaidia daktari kuwatofautisha, kisha aamue: amwache huyu akue wiki chache zaidi, au amtoe leo kabla hajachelewa.