Ramón y Cajal: mtoto aliyekatazwa kuchora ndiye alionyesha dunia namna ubongo ulivyo

Kule Ulaya na Amerika, watu wanaojitolea kueleza raia mambo ya ubongo mara nyingi hawaanzi na picha za kompyuta. Wanaanza na michoro ya wino, iliyofanywa kwa mkono zaidi ya miaka mia moja iliyopita: seli zenye matawi kama miti ya msimu wa kiangazi. Mwenye kuichora ni Santiago Ramón y Cajal, munganga wa Uhispania. Kidogo tu angekuwa fundi viatu.

Alizaliwa tarehe 1 mwezi wa tano 1852, katika kijiji cha Petilla de Aragón, kaskazini mwa inchi hiyo. Baba yake, Justo Ramón, alikuwa mtoto wa wakulima maskini. Alianza kazi chini ya kinyozi aliyekuwa pia anapasua wagonjwa, akasoma kwa shida kubwa mpaka akapata diplome ya munganga. Mtu aliyetoka mbali namna ile hakutaka kusikia kwamba mwana wake anataka kuwa mchoraji. Kwake, kuchora ilikuwa njia ya kufa na njaa.

Lakini mtoto alichora. Alichora kwenye kuta, kwenye milango, kwenye vitabu vya shule. Hapo familia ilikuwa imehamia Ayerbe. Siku moja baba aliamua kumaliza ubishi: akachukua mchoro wa Mtume Yakobo ambao mtoto alikuwa amefanya, akaupelekea fundi aliyekuwa anapaka kuta za kanisa, amwambie kama kijana ana kipawa. Fundi akatazama, akasema hakuna kitu pale. Kesi ikaishia hapo. Kalamu na rangi zikanyang’anywa.

Wasomaji wenye watoto wagumu watamuelewa mzee Justo kidogo. Kwa miaka 11 tu, Santiago alitengeneza mzinga wa mti, akaulenga mlango wa shamba la jirani na kuuvunja. Walimfunga siku chache katika jela ya pale. Walimpeleka Jaca kwa mapadri waliokuwa wanafundisha kwa fimbo na kunyima chakula, hakubadilika. Kisha baba akamtuma akajifunze kazi kwa kinyozi, na baadaye kwa fundi viatu.

Kilichomgeuza ni mifupa. Mwaka wa 1868, alipokuwa na miaka 16, baba alimpeleka kwenye makaburi ya zamani wakaokota mifupa ya watu, akaanza kumfundisha mfupa kwa mfupa namna mwili ulivyojengwa. Kijana hakujifunza kwa kukariri. Alichukua kalamu, akachora kila mfupa, kila shimo, kila ukingo. Na baba, yule yule aliyekataza kalamu, safari hii alinyamaza, kisha akafurahi. Baada ya miaka michache alikuwa hata anawaza kuchapisha michoro ya mwana wake kama kitabu cha masomo ya mwili, ila wachapaji wa Zaragoza hawakuwa na vyombo vya kufanya kazi safi namna hiyo.

Santiago alimaliza masomo ya unganga mwaka wa 1873. Jeshi likamwita, likamtuma Kuba wakati wa vita. Alirudi mwaka wa 1875 amekonda, malaria imemmaliza. Kwa franga alizoweka akiba alinunua vyombo vyake mwenyewe vya kazi, na mikroskopi ikawa rafiki. Mwaka wa 1878 akaanza kutapika damu, kifua kikuu, na wengi waliona mwisho umefika. Haukufika. Mwaka uliofuata akaoa Silveria Fañanás, mwanamke ambaye sehemu kubwa ya kazi hii haingewezekana bila yeye. Wakazaa watoto saba kwa mshahara mdogo.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vya shule vinalipita haraka. Cajal hakutaka elimu ibaki kati ya waganga tu. Kule Zaragoza, tangu 1883, aliandika makala kwa ajili ya watu wa kawaida, akieleza maajabu ya seli, na badala ya jina lake akaweka Daktari Bakteria. Baadaye alitunga hata hadithi za kubuni zenye sayansi ndani yake, akazichapisha mwaka wa 1905 kwa jina hilo hilo la mchezo. Alipokuwa profesa Valencia, yeye na rafiki zake waliunda kamati ndogo ya kuchunguza nguvu ya akili juu ya mwili kwa njia ya kulaza mtu kwa maneno, yaani hipnozi. Nyumba ikajaa watu wenye maumivu na hofu. Angeweza kutajirika. Alipoona amejifunza alichotaka, akafunga mlango, akarudi kwenye mikroskopi.

Mikroskopi ile ilikuwa mpya. Mwaka wa 1885 kipindupindu kiliingia Valencia, Cajal akachunguza ugonjwa, na wakubwa wa jimbo la Zaragoza wakamshukuru kwa kumpa mashine ya Zeiss, bora kuliko ile aliyojinunulia.

Mwaka wa 1887, kule Madrid, munganga Luis Simarro alimwonyesha vipande vya ubongo vilivyotiwa dawa yenye madini ya feza, ufundi uliogunduliwa na Camillo Golgi wa Italia. Dawa ile ilikuwa na ajabu moja: kati ya seli nyingi sana, ilipaka rangi nyeusi chache tu, lakini hizo chache ilizipaka zote mpaka ncha ya tawi la mwisho. Wengi waliiacha kwa sababu ilikuwa inaharibika mara kwa mara. Cajal, sasa profesa Barcelona, aliirekebisha, akaitumia kwa ubongo wa vifaranga na wanyama wachanga, ambao msitu wake haujawa mnene.

Wakati huo waganga wakubwa, Golgi mwenyewe kati yao, waliamini kwamba ubongo ni wavu mmoja, nyuzi zote zimeshikana. Cajal aliona kitu kingine. Kila seli ina mwisho wake. Inagusana na jirani bila kuungana naye, kama vidole vya watu wawili vinavyokaribiana. Aliona hivyo kwa sababu alikuwa mchoraji: asubuhi alitazama, baadaye alichora kwa kumbukumbu, kisha akarudi kulinganisha. Hakuwa na jarida la kumpokea, kwa hiyo mwezi wa tano 1888 akaanzisha la kwake, akalilipia kutoka mfukoni. Nyumbani franga ziliisha, na mtoto wao mmoja, msichana, alikufa kule Barcelona katika miaka hiyo hiyo ya kazi kubwa.

Nani angesoma Kihispania? Mwaka wa 1889 alipanda treni mpaka Berlin, kwenye mkutano wa waganga wa Ujerumani, akaweka mikroskopi mezani na kuwavuta watu mmoja mmoja waje kuona. Albert von Kölliker, mzee aliyeheshimiwa kuliko wote, aliinama, akatazama, akakubali. Baadaye alijifunza Kihispania ili amsome. Miaka miwili baadaye Mjerumani mwingine, Waldeyer, alizipa seli hizo jina la neuroni.

Nobel ilikuja mwaka wa 1906, nusu kwake, nusu kwa Golgi. Golgi alitumia hotuba yake ya Stockholm kupinga kazi ya mwenzake. Mzee Justo alikuwa amekufa miaka mitatu mbele. Serikali ilitaka Cajal awe waziri wa elimu, akakataa. Darasani Madrid aliendelea kuchora ubaoni kwa chaki za rangi, mpaka alipostaafu. Alikufa tarehe 17 mwezi wa kumi 1934.

Michoro yake, karibu 3,000, ilibaki, na mwaka wa 2017 UNESCO iliandika kumbukumbu zake kati ya mali za dunia. Mwaka wa 2020, kule Edinburgh, Scotland, wataalamu wa ubongo waliomba watu wajitolee kuishona michoro hiyo kwa sindano na uzi wa rangi. Wakajitokeza makumi, wa inchi mbalimbali, kila mmoja na kitambaa chake. Kazi ilikuwa ionyeshwe kwenye mkutano mkubwa wa Glasgow. Covid ikazuia mkutano, watu wakabaki nyumbani, wakaendelea kushona.