Godfrey Wilson

Godfrey Wilson (1908 – 1944) alikuwa mwanaanthropolojia Mwingereza anayejulikana kwa utafiti wake juu ya Wanyakyusa wa Tanzania. Alikuwa mtoto wa John Dover Wilson, mtaalamu wa tamthilia za Shakespeare.

Utafiti

Baada ya masomo ya Oxford alisoma anthropolojia London chini ya Bronisław Malinowski. Kuanzia mwaka 1934 hadi 1938 alifanya utafiti katika nchi ya Wanyakyusa, kutoka milima ya Rungwe hadi tambarare za ufuko wa Ziwa Nyasa ambazo leo ni Wilaya ya Kyela. Mwaka 1935 alimwoa Monica Hunter, mwanaanthropolojia wa Afrika Kusini, wakaendelea na kazi pamoja. Godfrey alijifunza Kinyakyusa, akaandika juu ya haki za ardhi, utawala wa Ngonde ng'ambo ya mto Songwe, na mazishi, ambamo kilio huambatana na ngoma.

Mwaka 1938 akawa mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya Rhodes-Livingstone huko Rhodesia ya Kaskazini (leo Zambia). Alionyesha kwamba wafanyakazi Waafrika wa mji wa Broken Hill (leo Kabwe) hawakuwa wageni wa muda tu mjini. Urafiki wake na Waafrika na msimamo wake wa kupinga vita viliwaudhi wenye migodi, wakamzuia kuendelea na utafiti. Mwaka 1941 alijiuzulu.

Kifo

Kwa kuwa dhamiri yake ilikataa kuua, alijiunga na kikosi cha tiba cha jeshi la Afrika Kusini. Alikuwa akisumbuliwa na sonona, na mwaka 1944 alijiua, akiacha mjane na watoto wawili wa kiume.

Wataalamu wameona kwamba baadhi ya tabia, kama kujidai ukamilifu kupita kiasi, huweza kuongeza hatari ya kujiua, hasa zikiungana na sonona. Lakini hakuna tabia moja inayotosha kueleza kifo cha namna hiyo, na sonona ni ugonjwa unaotibika. Uthabiti wa dhamiri uliomgharimu Wilson cheo chake ndio pia uliozaa kazi zake bora.

Kitabu alichoandika na mkewe kuhusu mabadiliko ya jamii kilitolewa mwaka 1945. Monica (aliyefariki 1982) alitumia kumbukumbu zao za utafiti kuandika vitabu kadhaa juu ya Wanyakyusa.