Alibhai Mulla Jeevanjee: Subira ya mchuuzi aliyeijenga Nairobi

Mfanyabiashara huyo mzaliwa wa Karachi alitumia zaidi ya miaka 10 kujijengea jina kabla ya kuwa mmiliki mkubwa wa majengo mjini Nairobi. Maisha yake yana funzo, na onyo pia, kwa vijana wanaoingia katika biashara ya nyumba na viwanja mjini Bujumbura.

Katika mitaa ya Bwiza, Buyenzi na Rohero, wapo vijana wengi wanaotafuta riziki kwa kuwakutanisha wauzaji na wanunuzi wa nyumba na parseli. Wakazi wa mji huwaita makomisioneri. Jambo la kwanza wanalojifunza ni kwamba mwenye nyumba hamkabidhi ufunguo, sembuse hati ya kiwanja, mtu asiyemfahamu. Miezi ya mwanzo hupita kwa kusalimiana, kutembeleana na kutumwa huku na huko bila malipo, na wengi huiacha kazi kabla ya kuuza hata nyumba moja. Jeevanjee, aliyefariki dunia mwaka 1936, aliipitia njia hiyo hiyo katika zama nyingine, na aliifuata hadi mwisho wake.

Kutoka Karachi hadi Mombasa

Alizaliwa mwaka 1856 mjini Karachi, ambao wakati huo ulikuwa sehemu ya India iliyotawaliwa na Waingereza na leo ni mji wa Pakistan. Familia yake ilikuwa ya Waislamu wa madhehebu ya Bohora, na hali yao ya maisha ilikuwa ya chini. Alianza kwa uchuuzi nchini India. Mwaka 1886 alivuka bahari hadi Adelaide, Australia, ambako aliuza bidhaa zilizotoka nchi za Mashariki. Huko alijifunza kufanya biashara na watu waliomtazama kama mgeni, na alijifunza Waingereza wanavyoandikiana mikataba na wanavyohesabu siku za kutimiza ahadi.

Mwaka 1890 alifika Mombasa. Mji huo ulikuwa chini ya Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, na Jeevanjee akaanza kuihudumia. Hakuja kununua ardhi. Alikuja kufanya kazi ambazo wengine walizikwepa: kutafuta vibarua, kuleta vyakula na kuhakikisha kwamba kilichoagizwa kinafika.

Mtihani mkubwa ulikuja pale serikali ya Uingereza ilipoamua kujenga reli kutoka Mombasa kuelekea Ziwa Victoria. Jeevanjee alipewa mkataba wa kuleta wafanyakazi kutoka India, na kundi la kwanza lilitia nanga Mombasa mapema mwaka 1896. Baadaye alipewa pia kazi za kulisha vibarua, kupasua miamba na kujenga stesheni. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899 na ikafika ufukweni mwa ziwa, Kisumu, mwaka 1901. Kufikia wakati huo, mainjinia na maofisa wa reli walikuwa wamemjua kwa miaka kadhaa kama mtu ambaye akiahidi mzigo, mzigo unafika.

Jina kabla ya kiwanja

Nairobi ilianza kama kambi ya reli katika uwanda wenye kinamasi, mahali ambapo Wamasai walinywesha mifugo. Kambi ilipogeuka mji, utawala ulihitaji ofisi, nyumba za maofisa na maduka, na ulivihitaji haraka. Aliyetafutwa ni mtu mwenye mtaji, mafundi na vifaa, ambaye tayari alikuwa anaaminika. Jeevanjee alikuwa na vyote hivyo. Akajenga ofisi za serikali na makazi ya maofisa, akapata viwanja, na katika miaka michache akawa mmiliki wa sehemu kubwa ya majengo ya mji huo mchanga.

Mwaka 1902 tauni ilizuka katika mtaa wa biashara wa Wahindi mjini Nairobi, na maofisa wa afya wakaamuru mtaa huo uteketezwe kwa moto. Wafanyabiashara wadogo walipoteza walichokuwa nacho. Miaka 2 baadaye, mwaka 1904, Jeevanjee alijenga soko lililopewa jina lake. Mwaka 1906 aliutunuku mji bustani ya umma, Jeevanjee Gardens, ikiwa na sanamu ya Malkia Victoria iliyozinduliwa na Mtawala wa Connaught, mwana wa malkia huyo. Alianzisha pia gazeti la African Standard mjini Mombasa mwaka 1902, akaliuza mwaka 1905. Gazeti hilo ndilo mzazi wa The Standard linalosomwa Kenya hadi leo.

Ukiyapanga matukio hayo kwa miaka, unaona mpangilio wake. Kati ya safari ya Australia na majengo ya Nairobi kuna takriban miaka 15. Katika muda huo alichokusanya zaidi ni watu: wakubwa waliomfahamu kwa kazi, mafundi waliokubali kumfuata na wauzaji waliompa bidhaa kwa mkopo. Kiwanja kilikuja baadaye.

Kikomo cha urafiki

Hata hivyo, mahusiano hayo yalikuwa na mipaka, na Jeevanjee aliigundua akiwa tayari tajiri. Mwaka 1910 aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria, akiwa mjumbe wa kwanza asiye Mzungu. Maofisa waliolala katika nyumba alizozijenga sasa walikaa naye katika baraza moja, lakini walowezi wa Kizungu walikuwa wanadai ardhi yenye rutuba ya nyanda za juu iwe yao peke yao. Jeevanjee alisafiri hadi Uingereza kupinga ubaguzi huo, akachapisha waraka wa kuwatetea Wahindi wa Afrika Mashariki mwaka 1912, na akawa miongoni mwa nguzo za Kongresi ya Kitaifa ya Wahindi wa Afrika Mashariki iliyoanzishwa mwaka 1914.

Hakufanikiwa. Sheria ya ardhi ya mwaka 1915 ilimpa gavana uwezo wa kuzuia uuzaji wa ardhi kati ya watu wa rangi tofauti, na waraka wa serikali ya Uingereza wa mwaka 1923 uliwaachia Wazungu nyanda za juu. Miaka yote ya kutimiza ahadi haikumpatia haki ambayo mlowezi aliyeshuka melini jana aliipata bila kuiomba.

Upo upande mwingine unaosahauliwa. Zaidi ya vibarua 31,000 waliletwa kutoka India kujenga reli hiyo, na takriban 2,500 kati yao walikufa kazini. Nao Wamasai, waliochunga mifugo katika uwanda wa Nairobi, hawakuwa mezani viwanja vilipokuwa vinagawanywa. Kwa mkataba wa mwaka 1904 walihamishwa kutoka sehemu kubwa ya malisho yao katika Bonde la Ufa. Jeevanjee alijenga uhusiano na waliokuwa na mamlaka ya kutoa ardhi. Walioitumia kabla yake hawakuwa na nafasi ya kumuuliza kitu.

Swali linalobaki Bujumbura

Bujumbura nayo ni mji wa zama hizo. Wajerumani waliweka kituo chao cha kijeshi Usumbura mwaka 1897, miaka 2 kabla ya reli kufika Nairobi, na hapa pia wafanyabiashara kutoka mbali, Waarabu, Wahindi na Wagiriki, walijenga maduka na nyumba. Jina la Mtaa wa Waasia lingali linawakumbusha wakazi historia hiyo.

Kwa komisioneri wa leo, funzo la subira liko wazi, lakini halitoshi bila swali la pili: subira hiyo inaelekezwa kwa nani? Nchini Burundi, ambako vita na ukimbizi vimeacha migogoro mingi ya ardhi, kumjua ofisa anayetia saini ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kuwajua majirani, warithi, na aliyeondoka akiwa na matumaini ya kurudi.

Jeevanjee alifariki dunia mjini Nairobi tarehe 2 Mei 1936, akiwa na umri wa miaka 80. Mwaka 1991, ulipozuka mpango wa kujenga jengo la maduka na maegesho ya magari katika bustani aliyoitoa, mjukuu wake, mwandishi Zarina Patel, aliongoza upinzani na mpango ukaachwa. Bustani ingali katikati ya Nairobi, na wapita njia huketi kwenye nyasi zake bila kulipa chochote.