Maisha ya Sheikh Uways bin Muhammad al-Barawi

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad na jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ewe ndugu msomaji, katika kijitabu hiki nimekusudia kueleza kwa ufupi maisha ya mmoja katika masheikh wakubwa wa pwani yetu, naye ni Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa. Jina lake hutajwa katika halaka za zikri toka Banadir hata Tanganyika, walakini wengi wamtajao hawajui aliishije wala alikufaje. Na katika wale wajuao kwamba aliuawa, wako wanaodhani kuwa aliuawa na makafiri. Sivyo. Aliuawa na Waislamu, watu wa Sunna, wa madhehebu yetu haya haya ya Imamu Shafi, walioelekea kibla alichoelekea yeye na kufunga mwezi alioufunga yeye. Kwa sababu hiyo kisa chake kinatuhusu sisi kabla hakijawahusu watu wengine.

Sheikh Uways alizaliwa Barawa mwaka 1847, sawa na mwaka 1263 wa Hijra, katika kabila la Tunni. Hakuwa sharifu, wala nyumba yao haikuwa nyumba ya enzi. Barawa zama zile ilikuwa mji wa biashara na elimu, na pamoja na Marka na Mogadishu ilikuwa chini ya bendera ya Sultani wa Unguja. Watu wake husema Chimbalazi, ambayo ni ndugu ya Kiswahili chetu. Mji huo ndio uliomtoa pia Sheikh Abdulaziz bin Abdulghani al-Amawi, aliyekuwa kadhi Unguja, akafariki mwaka 1896.

Alisoma Kurani mjini kwao, kisha akasoma nahau na sarufi, tafsiri, fikihi na tasawwufi. Mwalimu wake alipoona bidii yake alimwingiza katika tarika ya Kadiriya, nayo ni njia inayonasibishwa kwa Sheikh Abdulkadir Jilani wa Baghdadi. Baadaye kijana Uways alisafiri mpaka Baghdadi yenyewe, akakaa huko miaka kadha mbele ya masheikh wa tarika, wa kizazi cha Sheikh Abdulkadir, akapewa ijaza ya kulea wanafunzi. Alihiji pia. Tazama safari hiyo kwa mtu asiye na mali wala cheo, katika zama za majahazi na ngamia. Mtu hafungi safari ya namna hiyo kwa upuzi. Huifunga kwa kuwa moyo wake umeshika jambo.

Alirejea Barawa mwaka 1883, akaanza kufundisha. Haukupita muda habari zake zikafika Unguja, na Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala toka 1870 mpaka 1888, akamwalika. Sheikh Uways alikwenda Unguja zaidi ya mara moja, akapokewa kwa heshima, akawapa ijaza makhalifa, na wao wakaieneza tarika visiwani na bara. Hapa pana jambo la kuzingatia. Sayyid Barghash alikuwa Ibadhi, na mgeni wake alikuwa Mshafi tena mtu wa zikri. Maibadhi hawana tarika hizi. Juu ya hayo mfalme alimkaribisha, wala hakumtaka aache madhehebu yake. Waliokuja baada yake, Sayyid Khalifa na Sayyid Hamid bin Thuwaini, nao walimheshimu vivyo hivyo.

Lakini tusimsifu mfalme kuliko haki yake. Sayyid Barghash huyo huyo ndiye aliyemtia gerezani Sheikh Ali bin Abdallah al-Mazrui wa Mombasa, mwanachuoni mkubwa wa Kishafi, baba wa Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui, kwa ajili ya mambo ya madhehebu. Sheikh Ali hakufunguliwa ila baada ya mfalme kufa mwaka 1888. Basi mji mmoja, mfalme mmoja, Mshafi mmoja anakirimiwa na mwingine anafungwa. Hapo utajua kwamba uhuru wa dini uliotegemea ridhaa ya mtu mmoja ni kama kivuli cha mnazi: asubuhi kiko kwako, jioni kiko kwa jirani.

Kutoka Unguja tarika ya Kadiriya ilivuka bahari ikaingia bara. Kule Bagamoyo ilipata nguvu kwa Sheikh Yahya bin Abdallah, anayejulikana kwa jina la Sheikh Ramiya, ambaye aliletwa pwani kutoka Kongo akiwa mtumwa, akasoma hata akawa sheikh, akafariki mwaka 1931. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ikapita Mpwapwa na Ugogo kwenda Tabora ilikuwa njia ya pembe na ya watumwa, kisha ikawa pia njia ya kitabu na tasbihi. Reli ilipofika Dodoma mwaka 1910 mambo hayo yalizidi wepesi. Nasi tunaoandika haya tukiwa Ipagala, katikati ya nchi kavu ya Wagogo, tunajua kwamba Uislamu wa huku haukuja kwa upanga. Ulikuja na wachukuzi na wachuuzi na walimu, na wengi wao walikuwa watu wanyonge.

Turudi kwa Sheikh wetu. Mwaka 1892 Wataliani walipewa bandari za Banadir kwa mkataba, na hali za miji zikabadilika. Sheikh Uways hakukaa mjini maisha yake yote. Alikwenda bara, akaweka vijiji vya jamaa, na kijiji cha mwisho kilikuwa Biyoley, mbali kaskazini ya Barawa. Huko walikusanyika watu walioacha makabila yao: maskini, waliotoka utumwani, waliokosa ukoo wa kuwalinda. Wakalima pamoja, wakaswali pamoja, wakasoma na kufanya zikri, wakamtii sheikh wao. Ilikuwa jamaa yenye masharti. Aliyetaka kukaa alishika sala za jamaa na adabu za tarika. Walakini hakuna aliyeburutwa kuingia. Aliyeingia aliingia kwa miguu yake, na kijiji hakikuwa na askari wa kumrudisha aliyetoka.

Sheikh Uways alikuwa mtunzi. Alitunga kasida kwa Kiarabu, na nyingine kwa Kisomali alichokiandika kwa herufi za Kiarabu, ili mchunga ngamia asiyejua Kiarabu naye apate kumsifu Mtume wake. Na wengi walisilimu au walirejea katika sala kwa sauti za kasida hizo.

Sasa sikiliza habari ya wale wengine. Kaskazini ya nchi ya Wasomali alitokea Sayyid Muhammad Abdille Hassan. Alizaliwa mwaka 1856, akahiji, akaichukua tarika ya Salihiya kwa Sayyid Muhammad Salih huko Makka, akarejea Berbera mwaka 1895. Alikuwa mwenye elimu, na ufasaha wake wa mashairi Wasomali wanaukumbuka hata leo. Alikataza mirungi na tumbaku, na alikanusha kuwafanya mawalii waliokufa kuwa wasila. Maulamaa wa Berbera, na wengi wao walikuwa Makadiri, walimpinga. Akatoka mjini akaenda kwa watu wa nyika, na mwaka 1899 akatangaza jihadi. Wafuasi wake waliitwa Madarawishi.

Insafu inatupasa tuseme kweli. Madarawishi walipigana na Waingereza na Wahabeshi na Wataliani waliokuja kuigawa nchi yao, wakasimama miaka 20 mbele ya dola zenye mizinga. Kwa hayo Wasomali wengi humhesabu Sayyid kuwa shujaa wao, wala si kazi yetu kuwagombeza. Wala ukali wake katika ibada si aibu. Mwenye kuacha mirungi na tumbaku kwa ajili ya Mungu amefanya vyema, na mwenye kuona kwamba wasila haufai ana haki ya kusema hivyo na kuleta dalili zake. Jambo lililoharibu ni jingine. Madarawishi walihesabu kwamba Mwislamu asiyejiunga nao ametoka katika dini, na kwamba damu yake na mali yake ni halali. Basi makabila yaliyokataa yaliporwa, na wengi waliouawa katika vita hivyo walikuwa Waislamu wasio na kosa ila kukaa mbali.

Sheikh Uways hakunyamaza. Alitunga mashairi akawashutumu watu hao kwamba wanahalalisha damu za maulamaa na kuchukua mali na wanawake. Ulimi wake ulikuwa mkali, na mtu aweza kusema kwamba angalilainisha. Walakini ulimi hujibiwa kwa ulimi, na kitabu hujibiwa kwa kitabu.

Haukujibiwa hivyo. Tarehe 14 Aprili 1909, katika Mfunguo Sita, mwezi wa Maulidi, mwaka 1327 wa Hijra, kikosi cha Madarawishi kilifika Biyoley, kikamuua Sheikh Uways pamoja na wanafunzi wake wengi. Umri wake ulikuwa kama miaka 62. Mwenyezi Mungu amrehemu na amjaalie katika mashahidi.

Habari ilipoenea, vilio vilisikika katika miji ya Banadir. Inasimuliwa kwamba Sayyid Muhammad alifurahi, akatunga shairi la furaha. Mwaka huo huo ilifika barua kutoka Makka kwa Sayyid Muhammad Salih, sheikh wake mwenyewe, ya kumlaumu kwa kumwaga damu za Waislamu na kupora mali zao, na wafuasi wengi wakamwacha. Mwanzo wa mwaka 1920 Waingereza walitumia ndege kuipiga ngome yake ya Taleh, naye akafariki Imi mwishoni mwa mwaka ule ule. Dola yake ilikwisha naye. Tarika ya Sheikh Uways haikuwa na ngome wala bunduki, nayo haikufa na mwenyewe. Zikri zake zingali zinasikika pwani na bara.

Ewe ndugu, usidhani kwamba haya ni mambo ya kale tu. Kuanzia mwaka 2008 kundi la al-Shabab limebomoa makaburi ya masheikh katika nchi ya Wasomali, na Barawa yenyewe ilikuwa mikononi mwao hata Oktoba 2014. Wala si kwa Waislamu peke yetu. Mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, karibu na Malindi, ilifukuliwa miili ya watu zaidi ya 400, wafuasi wa mhubiri wa Kikristo, na wengi wao walikufa kwa njaa waliyoambiwa ni njia ya kumfikia Mungu, na watoto walikuwamo. Je, mtoto anayo hiari gani?

Kwa ajili ya visa kama hivi wako watu wa siku hizi wasemao kwamba kila jamaa yenye kushika dini kwa ukali ni hatari, na kwamba serikali ingewazuia wote. Rai hii hatuikubali. Ikiwa ukali wa ibada ni kosa, basi kijiji cha Biyoley nacho kingalikuwa na kosa, na kila chuo ambacho mwanafunzi huamka kabla ya alfajiri kina kosa. Nasi tunaofundisha Kurani tunajua kwamba elimu haipatikani bila masharti. Kisa cha Sheikh Uways kinatuonyesha kwamba yafaa kuulizwa mambo matatu. Je, mtu aliingia kwa hiari yake? Je, akitaka kutoka, mlango uko wazi, naye akitoka atasalimika nafsi yake na mali yake? Na je, jirani asiyekuwa miongoni mwao anaachwa salama na dini yake? Jamaa ikijibu naam katika matatu haya, basi iachwe na Mola wake, hata kama sisi hatuipendi. Ikijibu la, hapo mtawala ana haki ya kuingia, kwa sababu hazuii ibada, anazuia dhulma.

Haya hayapingani na dini yetu. Katika Suratul Bakara, aya ya 256, Mwenyezi Mungu amekataza kulazimishana katika dini. Na hapa Tanzania Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 19, imempa kila mtu uhuru wa imani na wa kuchagua dini, na imeziacha kazi za kuendesha jumuiya za dini nje ya shughuli za dola. Neno hili si dogo. Sheikh Ali alikaa gerezani mpaka mfalme akafa, kwa sababu hapakuwa na sheria juu ya mfalme. Leo huku Ipagala Wakristo ni wengi na misikiti yetu iko jirani na makanisa yao, na adhana husomwa bila ya mtu kuomba ruhusa kwa ajili ya imani yake. Sheria inayotulinda sisi huku ndiyo inayomlinda Mkristo mmoja aliye katikati ya Waislamu pwani kwenu, na Shia, na Ibadhi, na mtu wa tarika, na anayeipinga tarika. Mwenye kuikata kwa mwenzake ajue kwamba anakata tawi alilokalia.

Basi nawausia ndugu zangu, na nafsi yangu kwanza. Mkihitilafiana juu ya zikri, juu ya maulidi, juu ya ziara, leteni vitabu, mketi barazani, mjadiliane kwa adabu. Asiyekinaika arudi kwake salama, na kesho mswali safu moja. Msimkufurishe mtu wa kibla, kwa maana damu ya Biyoley haikuanza kwa panga. Ilianza kwa neno hilo.

Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Uways, awasamehe Waislamu waliotangulia, na atuunganishe nyoyo zetu. Amin. Wasalaam.