Shaaban Robert, Karani Aliyetazama Nyuma Akasonga Mbele



Mwaka wa masomo unakwisha na ripoti zinakuja. Jumamosi iliyopita mwanafunzi mmoja aliniuliza kwa nini apoteze asubuhi yake kwa Kiswahili wakati ripoti yake haina hata mstari mmoja wa Kiswahili. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, sikumjibu vizuri. Leo namjibu kwa kuwasimulia maisha ya mtu mmoja.

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na mji wa Tanga. Wakati huo nchi ilikuwa chini ya Wajerumani. Asili ya ukoo wake ni Wayao, lakini yeye alikulia pwani, ndani ya Kiswahili. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza Waingereza wakaichukua nchi na kuiita Tanganyika. Mwaka 1922 kijana Shaaban alikwenda kusoma Dar es Salaam, akamaliza mwaka 1926. Masomo yake ya darasani yaliishia hapo. Chuo kikuu hakukiona.

Mwaka huohuo wa 1926 aliajiriwa serikalini kuwa karani wa forodha, na Pangani ni mojawapo ya miji aliyofanyia kazi. Karani wa forodha huandika mizigo inayoingia na kutoka, huhesabu ushuru, hutunza vitabu. Alikaa katika kazi hiyo mpaka 1944. Baadaye alihamia idara ya wanyamapori, kisha ofisi ya wilaya ya Tanga, na mwisho ofisi ya upimaji wa ardhi. Chini ya ukoloni, Mwafrika hata awe hodari namna gani, ngazi ya kupanda ilikuwa fupi. Kama angejipima kwa cheo cha ofisini peke yake, angejiona hakufika mbali.

Lakini alikuwa na kazi ya pili ambayo hakuna bwana mkubwa aliyempa. Alijiendeleza kwa masomo ya posta. Alipeleka mashairi yake magazetini, likiwemo gazeti la Mambo Leo. Na aliandika barua. Barua alizomwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, kuanzia 1931 mpaka 1958, zilihifadhiwa na baadaye zikawa kitabu. Fikirieni, miaka 27 ya kumweleza ndugu yako umefika wapi na unakusudia nini.

Mambo hayakuwa mepesi nyumbani. Mke wake wa kwanza, Amina, alifariki na kumwachia watoto. Akawa baba, akawa mama. Alimtungia Amina shairi la maombolezo ambalo watu wanalisoma hadi leo. Binti yake Mwanjaa alimwandikia utenzi mzima wa mawaidha, na mwanawe wa kiume naye akapata wake. Hakuwa na mali nyingi ya kuwarithisha, akawaachia maneno.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wengi wenu hamlijui. Mwishoni mwa miaka ya 1940 kitabu chake cha mashairi, Pambo la Lugha, kilitolewa na idara ya uchapishaji ya Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Ndiyo, Wits hii hii. Kutoka hapa Troyeville unapita katikati ya mji, unafika Braamfontein, umefika. Mwaka 1954 wakamtolea na Kielezo cha Insha. Wakati ule Mwafrika alitakiwa kuwa na pasi mfukoni ili atembee katika mji huu, na serikali ya ubaguzi ilikuwa ndiyo kwanza inaweka misingi yake. Katika mji huohuo Kiswahili cha karani wa Tanga kilichapwa kikawa kitabu. Kwa hiyo anayedhani Kiswahili ni mgeni Johannesburg, ajue kimekuwapo hapa kabla wengi wa wazazi wenu hawajazaliwa.

Vitabu vingine vilifuata. Mwaka 1951 kilitoka Kusadikika, hadithi ya nchi inayoelea angani, ambamo kijana Karama anashitakiwa na kujitetea kwa hoja mbele ya wakubwa. Kwa kuandika alitunukiwa medali ya Margaret Wrong, na Waingereza wakampa nishani ya MBE. Aliingia pia katika kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki.

Alipofikia umri wa miaka hamsini alifanya jambo ninalotaka tuige. Alikaa akatazama nyuma. Alikwisha kuandika habari za maisha yake katika Maisha Yangu, sasa akaongeza sehemu ya pili, Baada ya Miaka Hamsini. Aliandika ya furaha na ya huzuni, hakuchagua yale ya kujisifia tu.

Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilipata uhuru naye akauona. Juni 1962 alifariki akiwa na umri wa miaka 53, akazikwa kwao Vibambani. Kazi zake nyingine zilikuwa bado hazijatoka. Kufikirika na Utenzi wa Vita vya Uhuru, wenye maelfu ya beti, vilichapwa mwaka 1967, na Utubora Mkulima mwaka 1968. Hakuna ripoti ya mwaka wowote wa uhai wake ambayo ingeweza kuonyesha alama za kazi hizo.

Sisi wauguzi tukipokea zamu hatuanzi na dawa. Kwanza tunasoma faili: mgonjwa alikuwaje jana, nini kimemsaidia, nini hakikumsaidia. Ndipo tunapanga ya leo. Nanyi fanyeni hivyo na mwaka wenu.

Kazi ya Jumamosi ijayo ni hii. Chukua daftari, andika kwa Kiswahili. Kwanza, mambo matatu uliyoyafanya mwaka huu na unayafurahia. Angalau moja liwe halimo katika ripoti. Labda ulimlea mdogo wako mama akiwa kazini. Labda ulimsomea bibi ujumbe wa simu. Pili, jambo moja lililokushinda, na sababu yake ya kweli. Tatu, lengo moja tu la mwaka ujao, lenye siku na saa. Usiandike kwamba utasoma sana. Andika kwamba kila Jumanne na Alhamisi baada ya chakula cha usiku utasoma kurasa mbili za Kiswahili kwa sauti, na utaje nani atakusikiliza.

Wazazi, tunawaomba msome daftari hilo kabla ya kusoma ripoti, na msimlinganishe mtoto na wa jirani. Haba na haba hujaza kibaba.

Na wewe uliyeniuliza swali, daftari lako nitalisoma la kwanza.

Mwalimu wenu wa Jumamosi