Ibn Khaldun: Cheo Kilimponyoka, Elimu Haikumwacha

Aliye juu mngoje chini, walisema wahenga. Aghalabu methali hii hunenwa kwa kejeli mkubwa fulani anapoachishwa kazi. Ni wachache wanaouliza mkubwa huyo atafanya nini akishafika huko chini. Maisha ya Ibn Khaldun, mwanahistoria mashuhuri wa Afrika Kaskazini, yanatupa jibu.

Alizaliwa mjini Tunis mwaka wa 1332. Angali kijana, tauni kuu iliwaua wazazi wake pamoja na wengi wa walimu wake. Baadaye aliingia katika utumishi wa wafalme, kazi yenye heshima kubwa na hatari kubwa vilevile. Huko Fez alitumikia baraza la sultani, kisha akatiwa gerezani karibu miaka miwili kwa kushukiwa kula njama. Mwaka wa 1364 mtawala wa Granada alimtuma kuwa balozi kwa Mfalme Pedro wa Castile. Mwaka uliofuata akawa waziri mkuu wa mtawala wa Bejaia, katika nchi ambayo leo ni Algeria. Bwana wake alipouawa mwaka wa 1366, Ibn Khaldun aliukabidhi mji kwa mshindi, na punde si punde akalazimika kuondoka.

Baada ya kutangatanga kutoka baraza hadi baraza, mwaka wa 1375 alijitenga na siasa, akahamia na jamaa zake katika ngome ya Qal'at Ibn Salama. Alikaa huko karibu miaka minne. Badala ya kuutumia muda huo kuwalaani mahasimu wake, alijiuliza kwa nini dola huinuka, hustawi, kisha huporomoka. Mwaka wa 1377, katika miezi mitano tu, akaandika Muqaddimah. Humo alieleza kwamba mshikamano wa kundi ndio huwapa watu nguvu ya kutwaa utawala, na kwamba anasa huumomonyoa mshikamano huo hata dola ikaanguka, aghalabu baada ya vizazi vitatu. Misukosuko ya barazani ilikuwa imegeuka kuwa elimu.

Mwaka wa 1382 alihamia Misri, akafundisha katika Al-Azhar. Mwaka wa 1384 Sultani Barquq alimteua kadhi mkuu wa madhehebu ya Maliki. Alipambana na rushwa mahakamani, akajipatia maadui wengi. Wakati huohuo jamaa zake walighariki katika jahazi lililokuwa likiwaleta Misri. Haukupita muda mrefu, akaondolewa katika ukadhi, akarejea kufundisha na kuandika.

Tusimfanye malaika. Tamaa ya cheo haikumtoka kamwe. Alirudishwa katika ukadhi na kuondolewa tena na tena, akafariki mjini Cairo mwaka wa 1406 akiwa kadhi kwa mara ya sita. Lakini kila alipopokonywa kiti, ipo kazi iliyompokea, kwa kuwa hakuacha kusoma hata alipokuwa waziri.

Hapo ndipo penye funzo kwa walimu na wanafunzi. Cheo hutolewa na mtu, na aliyekitoa aweza kukitwaa asubuhi moja. Basi meneja, mkurugenzi au mwalimu mkuu na ajiulize mapema, angali ofisini: bila kiti hiki na muhuri huu, ni kazi gani niwezayo kuifanya kwa akili na mikono yangu mwenyewe?