Tintin na Apumzike

Wapenzi wa vibonzo vya Tintin wangali wanabishana: je, viendelezwe? Nionavyo mimi, jibu limo katika maisha ya aliyembuni.

Georges Remi, aliyejulikana kama Hergé, alizaliwa Brussels, Ubelgiji, mwaka wa 1907. Mnamo Januari 1929 alimtoa Tintin, kijana mwanahabari mwenye mbwa mweupe, katika toleo la watoto la gazeti moja. Kisha akampeleka Kongo, nchi ambayo yeye mwenyewe hakuwa ameiona, na wenyeji akawachora kwa dharau. Mnamo 1946 alikichora upya kitabu hicho, lakini dharau haikwisha.

Tangu 1950 alichora akisaidiwa na wengine. Hapo ndipo watetezi wa mwendelezo hushikilia: ikiwa mikono mingi ilichangia yeye akiwa hai, mbona isiendelee? Tena humtaja Edgar P. Jacobs, aliyewahi kuwa msaidizi wake na akafariki mwaka wa 1987. Mashujaa wake, Blake na Mortimer, walifufuliwa mwaka wa 1996, na tangu hapo wametungiwa visa na waandishi mbalimbali.

Hergé alikataa katakata. Alipofariki Machi 1983, kitabu cha 24 kilikuwa michoro ya awali tu, nacho kikachapishwa vivyo hivyo mwaka wa 1986. Baadhi ya mashabiki wamekimalizia bila idhini, kila mmoja kivyake.

Mimi namuunga mkono marehemu. Vitabu vile vimebeba ustadi wake na aibu yake pia. Wino wa wengine ungevifunika vyote viwili, nasi tusijue tena wa kumsifu wala wa kumlaumu.